Mwezi Mzima wa Filamu Kwenye Ukumbi Mdogo: Mwongozo wa Kupanga na Kuendesha

Wenye kumbi ndogo wengi wakiamua kufanya mwezi wa filamu hukimbilia kukusanya majina. Filamu kumi na mbili kwa maonyesho kumi na mawili, kila moja mara moja, na ratiba inapendeza kwenye bango. Kisha watu wanane wanakuja Alhamisi, wanaipenda filamu mno, Ijumaa wanawasimulia wenzao kazini, na wale wenzao wakiuliza "inaonyeshwa lini tena?" jibu ni kwamba haionyeshwi tena.

Ukumbi wa viti hamsini hujazwa na maneno ya mtu aliyekwisha kuona, na maneno hayo yanahitaji siku kadhaa kutembea mtaani. Kwa hiyo mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo moja: chagua filamu chache, uzionyeshe zaidi ya mara moja, na uupange mwezi kufuata maisha ya watu wanaokuzunguka. Mifano yangu ni ya Dar es Salaam na pwani kwa jumla, lakini aliye Mombasa, Kisumu au Mwanza ataona mwenyewe pa kubadilisha.

Anza wiki nane kabla. Wiki sita zinawezekana kama filamu zote ni za hapa nyumbani na unawafahamu waongozaji. Chini ya hapo utakuwa unakimbizana na vibali.

Hatua ya 1: Soma wiki ya mtaa wako

Kabla ya kufikiria filamu yoyote, chukua karatasi uandike wiki ya watu unaotaka waje. Wanatoka kazini saa ngapi? Daladala za mwisho ni saa ngapi? Swala ziko wapi? Mpira uko wapi?

Mpira ni mshindani wako mkubwa kuliko sinema yoyote ya kwenye maduka makubwa. Mechi za Uingereza za saa tisa alasiri kwa saa za kwao, kwetu huangukia saa 11 au saa 12 jioni kutegemea majira yao, na Jumamosi ndiyo siku yake. Ukiweka filamu Jumamosi jioni unawaita vijana waache kitu ambacho hawataacha. Ratiba ya Ligi Kuu nayo ipitie, na siku Simba na Yanga wanapokutana usipange chochote kabisa.

Magharibi kwa Dar es Salaam huingia kati ya saa 12 na robo na karibu saa 1 kasorobo, kadiri ya miezi. Onyesho linaloanza saa 12 na nusu jioni linamlazimisha mtu achague, na wengi watachagua kutokuja. Mimi hupendekeza nafasi tatu kwa wiki: Alhamisi saa 1 na robo usiku, baada ya Magharibi, Jumamosi saa 8 mchana, kabla ya mpira, na Jumapili saa 10 jioni, ili filamu ya dakika tisini iishe na mazungumzo mafupi yafanyike kabla ya adhana. Jumapili ina asili yake hapa kwetu pia. Miji ya pwani kwa miongo mingi ilikwenda sinema Jumapili, familia nzima ikiwa imevaa vizuri, kutazama filamu za Kihindi. Wazee bado wanaikumbuka, na ukiwapa sababu watarudi.

Angalia kalenda kubwa pia. Mwezi wa Ramadhani usiufanye kabisa, au uufanye baada ya Tarawehe kwa ukumbi wenye majirani wanaokuelewa. Masika, Machi hadi Mei, yanaua maonyesho ya usiku kwa sababu ya barabara, na kama paa lako ni la bati mvua itameza mazungumzo yote ya filamu. Likizo za shule ni dhahabu kwa Jumamosi mchana.

Hatua ya 2: Chora mifupa ya mwezi

Nafasi tatu kwa wiki nne ni maonyesho kumi na mawili. Yajaze kwa filamu tano na mkusanyiko mmoja wa filamu fupi. Mgawanyo ninaouamini ni huu.

Filamu kuu, moja, maonyesho manne. Filamu mbili za kati, kila moja maonyesho mawili. Filamu ya familia, maonyesho mawili. Filamu ya zamani, onyesho moja. Filamu fupi za vijana wa hapa, onyesho moja.

Wiki ya kwanza: Alhamisi filamu kuu, Jumamosi ya familia, Jumapili filamu kuu tena. Wiki ya pili: Alhamisi filamu ya kati ya kwanza, Jumamosi filamu kuu kwa wanawake peke yao, Jumapili ile ya kati tena. Wiki ya tatu: Alhamisi filamu ya kati ya pili, Jumamosi ya familia kwa mara nyingine, Jumapili ya kati ya pili. Wiki ya nne: Alhamisi ya zamani, Jumamosi filamu fupi, Jumapili filamu kuu kwa mara ya mwisho.

Tazama filamu kuu inavyosafiri. Inafungua mwezi wakati mshahara bado upo, inarudiwa siku tatu baadaye, inarudi wiki inayofuata, kisha inapotea hadi siku ya mwisho. Walioikosa wamekuwa wakiisikia wiki tatu.

Lile onyesho la wanawake peke yao lisikushangaze. Sinema za pwani zilikuwa nayo enzi za ukoloni, maonyesho ya mchana ambayo akina mama walikwenda na mabinti zao na mashoga zao bila wasiwasi. Wapo wanawake wengi leo ambao hawatakaa kwenye chumba cha giza na wanaume wasiowajua, na hakuna anayewauliza wangependa nini. Wape saa mbili. Mhudumu wa mlangoni awe mwanamke, na anayeendesha projekta pia ikiwezekana.

Hatua ya 3: Chagua filamu

Filamu kuu iwe ya nyumbani, na iwe na kitu ambacho watu wana dai nacho tayari. Mfano mzuri ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Maelfu ya Watanzania wameisoma riwaya hiyo, na kila aliyeisoma ana Yasmini wake kichwani. Atakuja kuona kama wa kwenye pazia anafanana naye, na atatoka na la kusema.

Kwa familia, urefu ndio jambo la kwanza. Mtoto wa miaka saba hutulia kwa dakika sabini au themanini, basi. Supa Modo ya Likarion Wainaina kutoka Kenya, ya mwaka 2018, ina dakika 74, inazungumzwa kwa Kiswahili kwa sehemu kubwa, na mtu mzima hataichoka. Ila ni habari ya mtoto mgonjwa mahututi. Waambie wazazi hilo mapema, kwenye bango.

Filamu ya zamani isiwe ndefu. La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1966, ni ya saa moja hivi, na ipo nakala iliyosafishwa upya vizuri. Watu wanaoogopa filamu ya rangi nyeusi na nyeupe ya Kifaransa hukubali saa moja. Baada ya hapo unayo nafasi ya mazungumzo marefu, na filamu ile inayataka.

Tazama kila filamu mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, ukiwa na mtu mmoja wa mtaani ambaye si mtu wa filamu. Akichezea simu, andika dakika. Hakuna trela wala tuzo itakayokuambia ukweli kama huo.

Hatua ya 4: Pata haki ya kuonyesha

Hapa ndipo mambo huharibika. DVD uliyonunua ni ya kutazama nyumbani. Akaunti ya Netflix ni ya kutazama nyumbani. Kuweka filamu mbele ya umma, hata bila kiingilio, kunahitaji ruhusa ya mwenye haki, na kwa Tanzania Bara hilo limo kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Mwenye haki hupatikana mwishoni kabisa mwa filamu, kwenye majina yanayopanda: tafuta kampuni ya utayarishaji, kisha uiulize nani anasambaza kwa Afrika Mashariki. Filamu za hapa nyumbani mara nyingi zinashikwa na mwongozaji mwenyewe, na ujumbe mmoja wa heshima unatosha kufungua mlango. Kwa filamu za Kiafrika za zamani, hasa za nchi zilizotumia Kifaransa, waone Alliance Française, kituo cha utamaduni wa Kifaransa, walio mjini kwako: wao wanaweza kufikia hazina ya Cinémathèque Afrique ya Paris. Hazina hiyo ni ya maonyesho yasiyo ya biashara, kwa hiyo usiku huo kiingilio kitakuwa bure. Goethe-Institut, Nairobi na Dar es Salaam, nao wana njia ya filamu za Kijerumani na nyingine walizoshiriki.

Kwenye barua yako sema mambo haya bila kuzunguka: jina la ukumbi, idadi ya viti, tarehe zote, mara ngapi, kiingilio, unahitaji faili la aina gani, na unapendekeza malipo gani. Msambazaji anayepokea barua yenye haya yote hujibu haraka kuliko anayepokea "tunapenda kazi yenu".

Malipo huja kwa sura mbili: kiasi kimoja kisichobadilika, au sehemu ya mapato ya mlangoni yenye kiwango cha chini kinachohakikishwa. Omba kiasi kimoja kwa mwezi mzima badala ya kwa kila onyesho. Hesabu yenyewe inaeleza. Tuseme filamu inagharimu shilingi 300,000 na kiingilio ni 5,000. Ukiionyesha mara mbili, unahitaji watu 30 kila mara kuilipia filamu tu, kabla ya umeme wala mlinzi. Ukiionyesha mara nne kwa bei ileile, unahitaji 15. Wasambazaji wengi hukubali, kwa sababu filamu iliyokwisha kumaliza safari ya matamasha inakaa tu kabatini.

Pata ruhusa kwa maandishi. Barua pepe yenye tarehe, idadi ya maonyesho na kiasi inatosha kwa kuanzia.

Hatua ya 5: Vibali

Tanzania Bara, filamu inayoonyeshwa hadharani hupitia Bodi ya Filamu ikaguliwe na kupewa daraja la umri, na mahali pa kuonyeshea nako kunahitaji kibali, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Zanzibar ni BASSFU, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na Kenya ni KFCB, bodi ya kuainisha filamu. Filamu iliyokwisha kupata daraja huna haja ya kuianza upya. Mwombe msambazaji nakala ya cheti. Nenda ofisini na orodha nzima ya mwezi kwa mkupuo mmoja, ukiwa na muhtasari wa kila filamu na nakala ya kutazama. Fanya hivyo angalau mwezi kabla, na usichapishe bango kabla ya kupata majibu.

Daraja la umri liandikwe kwenye bango na liheshimiwe mlangoni. Mzazi akikuta mtoto wake ameingizwa kwenye filamu ya watu wazima, mtaa mzima utajua kesho yake.

Hatua ya 6: Faili, na jaribio lake

Sinema kubwa hutumia DCP, fungu la mafaili ambalo kwa filamu ndefu laweza kuzidi gigabaiti mia moja. Mara nyingi hufika kwenye diski iliyopangwa kwa mfumo wa Linux, na kompyuta ya Windows haitaisoma hivihivi. Ikiwa limefungwa, utahitaji pia KDM, ufunguo unaotengenezwa kwa ajili ya mashine moja tu na unaofanya kazi kati ya saa fulani na saa fulani. Hakikisha saa hizo zinajumuisha siku ya jaribio, na kwamba zimehesabiwa kwa saa za Afrika Mashariki.

Ukumbi mdogo mara nyingi hauna mashine hiyo, na si aibu. Omba DCP isiyofungwa, ambayo programu ya bure ya DCP-o-matic inaweza kuicheza kwenye kompyuta yenye nguvu, au omba faili la MP4 la 1920 kwa 1080 lenye ubora wa juu. Litake kwa kasi ya picha ya asili ya filamu. Filamu ya picha 24 kwa sekunde iliyogeuzwa kuwa 25 huenda mbio kidogo, na kama sauti haikurekebishwa, hupanda. Mwenye sikio atajua.

Kila faili liwe na nakala mbili kwenye diski mbili tofauti. Licheze lote, mwanzo hadi mwisho, kwenye mashine ileile itakayotumika. Faili bovu hupenda kukwama katikati, na dakika tano za mwanzo haziwezi kukuambia.

Hatua ya 7: Mwanga na sauti

Watu hununua projekta kwa kusikia idadi ya lumeni, kipimo cha mwanga, bila kujua wanahitaji ngapi. Kanuni ni rahisi. Kiwango cha sinema ni mwanga wa kandela 48 kwa mita ya mraba kwenye pazia. Ili kuupata kwenye pazia jeupe la kawaida, zidisha eneo la pazia kwa mita za mraba mara 150. Pazia la mita 4 kwa mita 2.25 ni mita za mraba 9, hivyo unahitaji lumeni 1,350 zinazofika kweli kwenye pazia. Kwa kuwa namba ya kwenye boksi hupungua ukiweka rangi sahihi, na taa ikizeeka hupungua zaidi, nunua mara mbili yake: projekta ya lumeni 3,000 inatosha.

Inatosha ikiwa kuna giza. Jumamosi saa 8 mchana jua la Dar es Salaam linapenya kila tundu. Pazia zito jeusi la dirishani, lenye tabaka mbili na linalozidi dirisha pande zote, litakupa picha bora kuliko projekta ya bei mara tatu. Paka rangi nyeusi isiyong'aa ukuta unaozunguka pazia la filamu, na dari la mita mbili za mbele.

Sauti nayo ina adui wake, feni. Washa feni zote kama siku ya onyesho, chagua kipande ambacho mtu ananong'ona, kisha ukakae kiti cha nyuma kabisa pembeni. Usiposikia maneno, kuongeza sauti yote hakutasaidia, kwa maana muziki nao utapanda ukaumiza watu wa mbele. Leta spika ya mazungumzo katikati, chini au nyuma ya pazia, na uinyanyue ifike usawa wa vichwa. Ukumbi ukijaa miili hunyonya sauti, hivyo ongeza kidogo baada ya watu kukaa.

Umeme ukikatika, jenereta huchukua muda kuwaka, na projekta ya taa iliyozimika ghafla hukataa kuwaka tena mpaka ipoe. Weka UPS, betri inayoshika umeme ukikatika, kwa projekta na kompyuta. Hata ya dakika kumi inatosha.

Hatua ya 8: Tafsiri

Filamu isiyo ya Kiswahili iwekewe maandishi ya Kiswahili chini. Naomba hapa usiusikilize moyo wa ubahili. Tumezoea kuambiwa kwamba anayekuja sinema anajua Kiingereza, na mama jirani wa ukumbi amekaa nje ya mlango miaka yote kwa sababu hiyo.

Omba faili la maandishi la SRT kutoka kwa msambazaji, pamoja na ruhusa ya kulitafsiri. Tumia Subtitle Edit au Aegisub, zote za bure. Mistari isizidi miwili kwa wakati, na kila mstari usizidi herufi 42. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo utalazimika kufupisha: mtu akisema sentensi tatu za hasira, bakiza ile inayouma. Usitafsiri matusi kwa lugha ya kanisani, na usimfanye kijana wa mjini azungumze kama taarifa ya habari. Tafsiri ya filamu moja huchukua mtu mzoefu siku kadhaa, na mwingine aipitie akitazama filamu. Mlipe mfasiri, na jina lake liandikwe.

Ipo pia njia yetu wenyewe. Vibanda umiza, yaani vibanda vya video vya mitaani, vilikuza wasimuliaji, Lufufu kwa Dar es Salaam, DJ Afro kwa Kenya, ambao walifanya filamu ya Hong Kong iwe habari ya uswahilini. Onyesho moja la filamu ya zamani likisimuliwa moja kwa moja na msimuliaji hodari linaweza kuwa usiku bora wa mwezi. Mwombe mwenye filamu ruhusa kwanza, na msimuliaji aitazame filamu mara mbili kabla.

Hatua ya 9: Hesabu

Panga kwa nusu ya ukumbi. Watu 25 kwa 5,000 ni 125,000. Mara maonyesho kumi na mawili, milioni moja na nusu. Ikiwa kuna usiku wa bure, utoe. Haki za filamu zisizidi asilimia arobaini, yaani 600,000. Fedha zinazobaki zigawie umeme na mafuta ya jenereta, wahudumu, mabango, tafsiri, vibali. Ikiwa hazitoshi, punguza filamu, usipunguze wahudumu.

Weka pasi ya mwezi: mtu analipa 15,000 anaingia maonyesho yote. Huyo ndiye atakayeleta wengine. Wanafunzi nusu bei, Alhamisi. Na vitafunio usivipe mtu wa mbali: muuza bisi, kashata na juisi ya ukwaju wa mtaa huo akae mlangoni bila kutozwa chochote.

Hatua ya 10: Tangaza

Bango moja lenye mwezi mzima, saa zikiandikwa kwa Kiswahili: saa 1:15 usiku, saa 8 mchana. Libandike saluni, kinyozi, duka la dawa, kijiwe cha bodaboda. Liweke pia kama picha ya kutumia kwenye Status za WhatsApp, yenye maandishi yanayosomeka kwenye simu ndogo. Kila Jumatano tuma sauti ya sekunde thelathini kueleza filamu ya kesho. Sauti husambazwa na kusikilizwa kuliko maandishi.

Baada ya kila onyesho la Alhamisi, omba watu watatu waseme walichoona, mbele ya simu, mlangoni palepale. Hao ndio tangazo la Jumapili.

Hatua ya 11: Usiku wenyewe

Fika saa mbili kabla. Washa kila kitu, cheza dakika moja ya filamu, angalia maandishi yapo, rudisha mwanzo. Milango ifunguliwe nusu saa kabla. Anza kwa wakati, hata kama wamekuja sita; walioheshimu saa wasiadhibiwe kwa ajili ya waliochelewa. Mtambulishaji aseme dakika mbili tu, na asisimulie filamu.

Milango ya dharura isifungwe kwa kufuli, na mhudumu mmoja asimame karibu nayo na tochi filamu nzima. Kizima moto kiwe mahali kinapoonekana.

Watu watazungumza na filamu. Watamwonya shujaa, watamlaani mwovu, watapiga makofi. Waache. Simu zinazowaka ndizo za kuzuia. Baada ya filamu, swali la kwanza lisiwe "mmejifunza nini?" Uliza "nani alikuwa na haki?" na ukae chini.

Hatua ya 12: Baada ya mwezi

Kila usiku andika waliolipa, walioingia bure, na kiasi kilichokusanywa, utie sahihi pamoja na mhudumu wa mlangoni. Ndani ya wiki mbili baada ya onyesho la mwisho, mtumie kila msambazaji hesabu yake na malipo, hata kama walikuja watu tisa. Futa faili kama mlivyokubaliana, umwambie umelifuta, diski irudi. Kisha linganisha onyesho la kwanza la kila filamu na la pili. Filamu ambayo la pili lilizidi la kwanza, muulize mwenye filamu kama unaweza kuiongeza mwezi ujao.